Maji Yapewe Njia

Bafu la juu haliporomoki kwa siku moja. Hujiandaa kwa miaka, na miaka yote hiyo linatoa habari zake. Kigae kimoja kinaanza kucheza chini ya kisigino. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kukwaruza chini. Dari ya chumba cha chini inapata doa la rangi ya chai, na asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, kuna harufu ya uyoga. Wenye nyumba huziona dalili hizo zote. Kinachowashinda ni kukubaliana nani atatoa pesa, nani atavumilia vumbi, na nani atakuwa wa kwanza kutamka kwamba nyumba aliyoiacha mzee inaoza.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango, madirisha, mapaa ya shule na misikiti, vitanda vya maharusi na majeneza. Lakini kazi iliyonifundisha kuliko zote ni sakafu ya bafu moja la juu mjini Kasongo, kusini mwa Maniema, Kongo, katika nyumba ya babu yangu mzaa mama. Naandika habari yake kwa sababu naamini kilichotaka kuiua sakafu ile ndicho tunachokifanya kila siku katika nyumba zetu, barabara zetu na koo zetu: tunasawazisha juu, chini tunapaacha paoze.

Kasongo si mji wa maghorofa. Nyumba nyingi ni za matofali mabichi au ya kuchoma, zimekaa chini, zina paa la manjanja (mabati) au la nyasi. Ujenzi huo una hekima yake. Udongo uko hapo hapo, na ukuta uliomomonyolewa na mvua hupakwa upya kwa udongo ule ule kiangazi kinapofika. Ikishindikana, familia hujenga nyingine kando, ya zamani ikaachiwa mvua. Hata mji wenyewe uliwahi kufanya hivyo. Kasongo ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu ilikuwa Tongoni. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia humo na jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, mwezi Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba ya mpunga na miwa yaliyouzunguka mji, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga na maembe. Baadaye Wabelgiji wakahamisha kituo chao, na Kasongo ya leo ikakulia mahali pengine. Machungwa tunayo bado. Nyumba za Tongoni zimerudi kuwa udongo.

Nyumba ya etaji, yaani ya ghorofa, haina msamaha wa namna hiyo. Huwezi kuiachia mvua ukajenga nyingine kando, maana watu wanalala juu na wengine wanauza chini. Babu alikuwa mfanyabiashara wa mchele na mawese, mzaliwa wa Kabambare, na nyumba yake aliinunua baada ya uhuru, wakati wazungu wengi walipokuwa wanauza na kuondoka. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani akaning'iniza miguu. Chini duka na stoo, juu vyumba vya familia. Boriti za mvule zimepita kutoka ukuta hadi ukuta, ncha zake zimezama ndani ya matofali, na juu yake zimepigiliwa mbao. Aliyeijenga hakuweka bafu juu. Bafu lilikuwa uani, kama kwa watu wote.

Bafu la juu lililetwa na mapenzi. Mama yake Babu alikuwa amezeeka, magoti hayamtii tena, na ngazi ya kushuka uani kutia udhu mara tano kwa siku ilikuwa mateso. Babu akaita mafundi, wakakata kona ya chumba cha nyuma, wakaongeza vijiti vya mti mweupe kati ya boriti, wakamwaga sima (saruji) juu ya mbao, wakatoboa ukuta na kupitisha bomba. Kwenye kona likawekwa pipa la lita 200. Kila asubuhi vijana walipanda na madumu ya maji kutoka kisimani kulijaza. Bibi yule alioga na kutia udhu kwa heshima mpaka Mungu alipomchukua, na hakuna mtu katika ukoo wetu anayejuta kwamba bafu lile lilijengwa. Nami sijuti. Ila mapenzi yaliyajengea maji chumba, hayakuyajengea njia ya kutoka.

Nilipoitwa, Babu naye alikuwa ameshatangulia. Wajomba walikuwa wametawanyika Kindu, Bukavu na Kalemie. Aliyebaki juu ni Mama Mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, na chini palikuwa na mpangaji aliyeuza mchele, maharage na chumvi. Mama Mkubwa hakunipa maelezo marefu. Alitoa chungwa kwenye kikapu akaliweka sakafuni, karibu na mlango wa bafu. Likatulia kidogo, likaanza kubingirika polepole, kisha kwa kasi, likaenda kugonga pipa pale konani.

“Umeona, mwanangu?” akasema. “Hata chungwa linajua nyumba inaelekea wapi. Wajomba zako ndio hawajui.”

Sakafu inayobonyea haichunguzwi kutoka juu. Juu utaona sura tu, na sura inaweza kupakwa. Nilimwomba mpangaji ahamishe magunia yake, nikasimamisha ngazi stoo, nikang'oa mbao za dari chini ya kona ile. Vumbi la mchwa likamwagika kwanza. Kisha nikachukua bisibisi na kuanza kuchoma boriti moja moja, kutoka katikati ya chumba kuelekea ukutani. Mvule mzima haukubali: ncha ya bisibisi inagonga, inaacha alama ndogo, mkono unahisi ugumu. Nikasogea. Bado ugumu. Nilipofika karibu na ukuta wa nje, urefu kama wa mkono mmoja kabla ya matofali, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama nimechoma muhogo uliochemshwa. Boriti mbili zilikuwa hivyo. Ya tatu ilikuwa imeanza. Vile vijiti vya mti mweupe havikuwa mbao tena; nilivibomoa kwa vidole.

Watu husema mvule hauozi. Mvule ni imara kweli, na boriti zile zilikuwa zimebeba nyumba miongo mingi. Lakini hakuna mti uliopewa hati ya kutooza. Kinachokula mbao ni ukungu, na ukungu unataka vitu viwili kwa pamoja: unyevu na hewa. Mbao iliyo kavu, ambayo maji ndani yake hayafiki sehemu moja ya tano ya uzito wake, haiguswi na ukungu. Mbao iliyozama kabisa majini nayo hudumu, kwa kuwa hewa haiifikii. Waulize Wagenya, wavuvi wa mto Lualaba, nguzo ya kufungia mtumbwi hukatikia wapi. Hukatikia pale maji yanapopanda na kushuka, mahali palipolowa leo na kupata hewa kesho. Ncha ya boriti ndani ya tofali linalokunywa maji kila siku iko katika hali hiyo hiyo, tena gizani, ambako jua haliikaushi wala jicho haliioni. Mchwa hufuata baadaye, kwa sababu mbao laini yenye unyevu ndiyo chakula chao.

Baada ya kuona chini, nilipanda kuvunja juu. Hapo ndipo nilipopata somo lenyewe. Sima ile haikuwa tabaka moja. Yalikuwa matatu, moja juu ya jingine, na kila moja lilikuwa na historia yake. La chini kabisa lilikuwa la Babu, kijivu, gumu, lenye mchanga safi wa mtoni. La kati lilikuwa jekundu kwa udongo uliochanganywa humo. Hilo lilikuwa la miaka ya vita, baada ya 1998, wakati barabara zilipofungwa na mfuko wa sima ulikuwa mali ya kuhesabiwa kwa vikombe. La juu lilikuwa laini, linang'aa, na juu yake vigae. Kila tabaka lilikuwa jembamba upande wa mlango na nene upande wa kona. Maana yake ilikuwa wazi. Kila sakafu ilipobonyea, mtu alimwaga sima kwenye bonde ili pawe sawa, akapiga nivo, akaridhika, akalipwa, akaondoka.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Sima ya unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Bafu la mita 2 kwa 2, kwa tabaka hilo moja tu, tayari limebeba kilo 400. Pale konani matabaka matatu yalifika sentimita 12, yaani karibu kilo 250 kwa mita ya mraba. Ongeza pipa lililojaa, kilo 200 nyingine, limekaa juu ya bonde hilo hilo. Ongeza mtu anayeoga. Mzigo wote huo ulikuwa juu ya ncha za boriti zilizooza. Kila fundi aliyekuja kusawazisha alimwongezea mgonjwa mzigo kichwani, na kadiri mzigo ulivyozidi, ndivyo sakafu ilivyozidi kushuka, ndivyo ilivyodai kusawazishwa tena. Ukarabati ndio uliokuwa unaiua nyumba.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni maneno ya kweli, ila yanahitaji jicho la fundi. Ufa una sababu. Ukiuziba kabla hujajua umetoka wapi, unakuwa umeiondoa dalili na kuuacha ugonjwa, na mbaya zaidi, umewanyima watakaokuja baada yako nafasi ya kuuona mapema.

Kwa hiyo sikuanza na sakafu. Nilianza kwa kuuliza maji yanatoka wapi, na jibu lilikuwa sehemu tatu. Kwanza, bomba lile la Babu lilikomea usawa wa ukuta wa nje. Maji ya kuoga yalipotoka hayakuruka mbali. Yalirudi nyuma yakateremka juu ya matofali, na matofali yakayanywa. Pili, sima ya sakafu iliishia pale ilipokutana na ukuta, bila kupandishwa juu. Mahali pa kukutana pakapata ufa mwembamba kama uzi, na kila kopo la maji likamimina kidogo humo. Tatu, na hili hakuna aliyekuwa amelifikiria, mfereji wa paa juu ya kona ile ulikuwa umetoboka. Kasongo mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na kila mvua iliyonyesha ilikuwa inamwaga maji ya nusu ya paa kwenye kona hiyo moja. Hata kama Mama Mkubwa angeacha kuoga kabisa, boriti zile zingeoza.

Mjomba mkubwa alifika kutoka Kindu akanikuta juu ya paa. Hakupendezwa. “Sisi tumekuita kwa sakafu,” akaniambia kutoka uani, “wewe unapanda kwenye manjanja. Unatafuta nini huko?”

“Natafuta maji yanakotoka, Mjomba.”

“Maji yanatoka kwenye kopo. Weka sima, weka vigae vizuri, tumalize. Pesa si nyingi.”

Nilishuka, nikamsalimia kama inavyopasa, nikamwomba tuingie stoo. Sikubishana naye. Nilimpa bisibisi mkononi, nikamwonyesha boriti ya kwanza, nikamwambia achome mwenyewe. Alichoma katikati, ikagoma. Akachoma karibu na ukuta. Mkono wake ukaenda mbele ghafla mpaka akashika ngazi. Akakaa kimya, akaangalia juu, pale dada yake alipokuwa akitembea akiandaa chai. Tulisikia hatua zake juu ya vichwa vyetu. Kisha akasema, “Andika unachohitaji.” Jioni ile aliwapigia simu ndugu zake wote. Sikumsikia akieleza habari za sima. Aliwaambia, “Dada yetu anatembea juu ya hewa.” Michango ikaanza kuingia kwa simu.

Nimeikumbuka bisibisi ile katika vikao vingi vya familia tangu wakati huo. Watu wazima hawabadilishwi na hotuba ya kijana, na si haki kuwataka wabadilike kwa hotuba. Wape nafasi ya kugusa wenyewe kile unachokisema. Heshima na ukweli vinaweza kuingia stoo pamoja.

Mbao zilitoka Kabambare. Huko, katika teritwari inayokatwa na mto Luama, bado kuna mvule wa kupasua, na Babu mwenyewe alikuwa na watu wake huko. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100, na mbao zetu zilikuja juu ya baiskeli. Asiyeiona kazi hiyo hawezi kuifahamu. Mtu hapandi baiskeli; anaisukuma. Anafunga fimbo kwenye usukani ili aiongoze akiwa kando, na nyingine nyuma ya kiti ili aisukumie, na mbao zimelazwa ubavuni mwa fremu zikitokeza mbele na nyuma. Kwenye kilima wanasukuma wawili. Penye tope wanashusha kila kitu, wanavusha mbao begani, wanarudi kuchukua baiskeli. Vijana wale walipofika uani kwetu, mabega yakiwa yamechubuka, Mama Mkubwa aliwapikia wali na samaki kabla hajauliza bei. Nilijua tangu hapo kwamba kipande cha mbao ile hakitapotea kwa uzembe wangu. Tuliipanga barazani kwa vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, tukaiacha ikauke, maana mbao mbichi ukiipigilia leo itajikunja kesho.

Kazi yenyewe tuliifanya kiangazi. Kwanza tulirekebisha mfereji wa paa na kurefusha bomba mpaka likatoka mbali na ukuta na kumwaga kwenye mtaro uliotengenezwa kwa mawe. Matofali yakapewa muda wa kukauka. Kisha tukasimamisha nguzo za muda stoo, gogo mlalo chini ya boriti, na kriki (jeki) mbili za lori chini ya nguzo. Vijana walitaka kupandisha sakafu mara moja. Niliwakataza. Boriti iliyobonyea miaka mingi imezoea umbo lake, na ukuta umezoea pamoja nayo. Ukiisukuma kwa pupa, utapasua hata kilichokuwa kizima. Tulizungusha kriki kidogo tu, unene wa ukucha, tukaacha nyumba ilale, siku iliyofuata tukaongeza tena. Usiku tulisikia mbao zikilia. Ni sauti ya kutisha kwa asiyeijua, lakini ni sauti ya mbao inayorudi mahali pake.

Matabaka ya sima tuliyavunja na kuyashusha kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, na wajomba waliokuwapo walishangaa kuona lundo lililokusanyika uani. Ncha zilizooza nilizikata mpaka mbao nzima, na sikuridhika na rangi tu. Nilichoma, nikanusa, nikagonga. Ubavuni mwa kila boriti iliyokatwa nikalaza mpya ya mvule, ndefu ya kupita mbali na pale palipokatwa, nikazifunga pamoja kwa buloni (bolti) zinazopita upande hadi upande. Misumari peke yake haifai hapo, maana mzigo wa bafu huivuta kila siku. Kila ncha mpya inayoingia ukutani niliikalisha juu ya jiwe bapa, nikaacha nafasi ya kidole pande zote ili hewa ipite na tofali lisiiguse. Nafasi ile ndogo ni ulinzi mkubwa kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Juu tukapigilia mbao mpya, juu ya mbao shitingi nzito ya plastiki, kipande kimoja kisicho na kiungo, kikapanda ukutani pande zote kimo cha kiganja na zaidi. Juu yake wavu wa waya, halafu sima nyembamba, tabaka moja tu. Sikuisawazisha. Niliipa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka mlangoni hadi kwenye tundu la bomba. Fundi mmoja aliyepita kutusalimia alisema sakafu imekwenda upande. Nilimjibu kwamba bafu lililo sawa kabisa ni bafu linalotunza maji. Pipa nalo likahama: dogo zaidi, kwenye ukuta wa ndani, juu ya ncha za boriti ambazo hazikuwahi kulowa.

Tulipomaliza, tuliziba tundu kwa kitambaa, tukajaza maji kimo cha vidole viwili, tukayaacha usiku kucha. Asubuhi nilipanda ngazi stoo na tochi. Upande wote wa chini nilikuwa nimeupaka chokaa nyeupe, ili tone lolote liache doa linaloonekana. Palikuwa peupe. Na pale chini ya kona, sikurudisha dari. Niliweka kijimlango cha mbao chenye bawaba, ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua na kuangalia. Mjomba aliuliza kwa nini niharibu dari nzuri. Nilimwambia kwamba mimi sitaishi milele, na wajukuu wake watahitaji kuona.

Miaka kadhaa baadaye nilipata nafasi ya kufika Unguja. Nilikwenda Shangani kuiangalia nyumba ya Tippu Tip, mtu aliyeitawala Kasongo kisha akarudi kwao na kufa huko mwaka 1905. Mafundi wa Mji Mkongwe walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zao zimelala juu ya boriti za mikoko, lakini ugonjwa nilioukuta ni ule ule. Nyumba iliyokuwa ya familia moja sasa ina familia kadhaa, kila moja imejiwekea bafu na choo chake juu, mabomba yanavuja ndani ya kuta, na ncha za boriti zinaoza kimya kimya. Fundi mmoja mzee aliniambia, “Boriti haiuawi na umri, inauawa na choo.” Hata jengo kubwa kuliko yote pale, Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Ukubwa wa jengo na jina lake haviliokoi. Kinachookoa ni jicho la mapema na mkono unaofika hadi chini.

Ndiyo maana siwezi kupita kwenye barabara zetu bila kuliona bafu la Babu. Barabara ya Kabambare ikiharibika, tunaitana, tunajaza mashimo kwa udongo na matawi, lori la kwanza linapita, tunapongezana. Mvua ya kwanza ikinyesha, shimo limerudi, kubwa zaidi, na udongo tuliomwaga umekuwa tope. Wazee wetu wanawakumbuka kantonye, watunza barabara, kila mmoja na kipande chake cha barabara, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuchimba na kusafisha mitaro ya pembeni. Walijua kwamba lori haliiui barabara. Inauawa na maji yaliyokosa pa kwenda. Salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kujaza mashimo bila mitaro ni tabaka la nne la sima. Tunachoka bure, na barabara inazidi kuzama.

Naliona bafu hilo pia katika nyumba za urithi. Mzee akifa, nyumba inakuwa ya wote, na kitu cha wote mara nyingi hakina mtu wa kukiinamia. Anayeishi humo anaogopa kutengeneza, asije akaambiwa anajimilikisha. Walio mbali wanaogopa kutuma pesa, zisije zikaliwa. Mpangaji anaziba panapomvujia yeye tu. Ugomvi unasawazishwa kwa maneno mazuri ya siku ya arubaini, watu wanakula, wanaagana, na chini mambo yanaendelea kuoza. Sisi tulifanya jambo moja rahisi. Kodi ya duka la chini iligawanywa, na fungu la kwanza kabla ya mtu yeyote likawa la nyumba yenyewe, likiandikwa kwenye daftari ambalo ndugu yeyote anaweza kulifungua. Kama kile kijimlango cha darini, daftari lile limemaliza minong'ono mingi, kwa kuwa asiyeamini anaalikwa kuangalia.

Msomaji mwenye nyumba ya juu, au mwenye hisa katika nyumba ya wazee wake, nakuomba jambo hili. Mwezi Juni mvua zikikatika, usingoje kigae kicheze. Panda uangalie mfereji wa paa. Fuata bomba mpaka mwisho wake, uone maji yanamwagika wapi. Kisha shuka chini ya bafu na kitu chenye ncha, uchome boriti pale zinapoingia ukutani. Fundi akija na mfuko wa sima kabla hajaomba ngazi ya kuangalia chini, mshukuru, umrudishe. Na ukishatengeneza, acha mahali pa kuchungulia, uwaonyeshe wadogo zako na watoto wako pale palipo na kijimlango. Nyumba ya Babu inakaguliwa hivyo kila kiangazi, ni kazi ya asubuhi moja, na safari hii aliyeshika bisibisi ni binti wa Mjomba.